Bomba la bustani chini ya njia ya zege: likigoma, likipotea, likivuja

Mara nyingi mwenye nyumba humwaga zege la njia kwanza, kutoka getini hadi barazani, halafu miezi sita baadaye anakumbuka kwamba koki iko upande huu na bustani iko upande ule. Hapo ndipo fundi anapoitwa. Kama njia ni ya pevingi, una bahati: ng'oa mistari miwili ya vitofali, chimba, pitisha bomba, shindilia, rudisha vitofali mahali pake. Kazi ya nusu siku, na huna haja ya kusoma zaidi. Hapa nazungumzia zege la kumwaga, lenye unene wa sentimita 10 hivi, lililokaa juu ya kifusi au moramu, upana wa mita 1.2 hadi 2, na mwenyewe hataki kuona hata ufa.

Njia za kupita chini yake ziko tatu. Kugongelea bomba la chuma kwa nyundo. Kusukuma bomba linalotoa maji kwa mbele ili yachimbe udongo. Na kutoboa kwa mtaimbo kutoka pande zote mbili hadi matundu yakutane katikati. Zote zinahitaji mashimo mawili: moja la kuanzia, moja la kupokelea. Nimeitwa mara nyingi kurekebisha kazi za aina hii, zangu mwenyewe zikiwemo, na siku hizi kabla ya kulisingizia zege naanza kutazama yale mashimo mawili.

Kabla ya yote, uliza maswali. Waya wa geti la umeme umepita wapi? Taa za bustani je? Bomba la maji machafu linaloelekea shimo la choo linakatiza njia hii? Mwenye nyumba asipojua, mtafute aliyejenga. Na ikiwa njia yenyewe iko kando ya barabara ya umma, nje ya ukuta, hiyo si yako wala ya mteja: kwa Tanzania Bara, barabara za mijini na vijijini ziko chini ya wakala wa TARURA, barabara kuu na za mikoa ziko chini ya wakala wa TANROADS. Kibali kwanza, nyundo baadaye.

Bomba limegoma, haliendi mbele

Sikiliza nyundo. Bomba likiwa linapita kwenye udongo, kila pigo linatoa sauti nzito, iliyoziba, na bomba linasogea sentimita moja au mbili. Likikuta jiwe, sauti inakuwa ya mlio, kama kengele ya shule, na mikono inasikia mtikisiko unarudi nyuma. Ukiendelea kupiga hapo, bomba litapinda ndani usikoona, au kichwa chake kitachanua kama uyoga na nyuzi za kufungia soketi zitaharibika. Ndiyo maana sigongi kwenye bomba lenyewe. Nafunga soketi na plagi nyuma, au naweka kipande cha mbao ngumu, halafu ndiyo napiga.

Chanzo cha kwanza ni kina kidogo. Ukiwa sentimita 15 kutoka juu, bado uko ndani ya kifusi walichojaza chini ya zege, na kifusi ni mawe matupu. Shuka. Mimi huanzia sentimita 35 hadi 45 kutoka uso wa njia, mahali ambapo udongo haujawahi kuguswa. Vibarua hulalamika kwa shimo hilo la ziada, lakini sentimita 20 au 30 za kuchimba ni nafuu kuliko saa mbili za kugonga jiwe.

Chanzo cha pili ni ukingo. Mafundi wengi humwaga kingo za njia zikiwa nene kuliko katikati, nyingine zimeshuka hadi sentimita 30. Usipochimba ukaona mwisho wa ukingo kwa macho, utakuwa unagonga zege ukidhani ni jiwe. Weka mkono chini yake. Ukiugusa udongo laini, hapo ndipo pa kuanzia.

Halafu kuna mawe ya kweli. Huku pwani, kuanzia Msasani hadi Mombasa na Unguja, chini ya mchanga mara nyingi kuna mwamba wa matumbawe. Matumbawe hayasogei kwa nyundo wala kwa maji. Chukua nondo ya milimita 12, ichonge ncha, igongelee ukiwa ndani ya shimo la kuanzia kwenye sehemu tatu au nne tofauti, urefu wa mkono mmoja. Ikigoma zote, umekutana na mwamba, na unahitaji mashine au kukata zege. Ikigoma moja tu, ni jiwe; hama sentimita 20 pembeni uanze tena. Nondo hiyo imeniokolea pesa nyingi kuliko kifaa chochote nilichowahi kununua.

Mizizi nayo ipo. Mwarobaini ulio mita tatu kutoka njiani tayari umeshapita chini yake. Mzizi hautoi mlio. Bomba linaingia kidogo kisha linarudishwa nyuma kama umegonga mpira wa gari. Kwa mzizi mwembamba, funga mbele ya bomba ncha iliyochongwa. Kwa mzizi mnene, hama.

Kama udongo ni wa mfinyanzi mkavu, tatizo si kizuizi, ni ugumu. Jaza maji kwenye shimo jioni, rudi asubuhi. Katika mfinyanzi huwa siweki hata kofia ya kuziba mdomo wa mbele. Nagongelea bomba likiwa wazi, sentimita 30, nalitoa, nalikung'uta hadi gogo la udongo lidondoke, nalirudisha. Ni polepole, ila tundu linatoka safi kama limekatwa kwa kisu.

Bomba limeingia lote, lakini upande wa pili hakuna kitu

Hili ndilo linalowatoa watu jasho. Umegonga mita mbili, njia ina upana wa mita moja na nusu, unaenda kwenye shimo la kupokelea, hakuna kitu. Kijana anachimba kulia, anachimba kushoto, shimo linakuwa kaburi.

Hesabu ni hii. Bomba likianza likiwa limeinama nyuzi 1 tu, baada ya mita 1.5 litakuwa limekosea kwa sentimita 2.6. Hiyo si kitu. Likiinama nyuzi 5, litakosea kwa sentimita 13. Na nyuzi 5 ni kidogo kiasi kwamba jicho halizioni ukiwa umechuchumaa shimoni.

Kinachoinamisha bomba karibu kila mara ni shimo la kuanzia kuwa fupi. Bomba la mita mbili haliwezi kulala ndani ya shimo la mita moja. Nyuma yake inaegemea ukingo wa shimo, mbele inatazama chini. Ukigonga, linazama. Kwa hiyo shimo la kuanzia halitakiwi kuwa shimo, linatakiwa kuwa mtaro ulionyooka, mrefu kuliko bomba, na nafasi ya kuzungusha nyundo juu yake. Kama bustani haina nafasi hiyo, kata bomba vipande vya sentimita 60, uwe unaunga kwa soketi kadiri unavyokwenda. Soketi zitaongeza ugumu kidogo. Vumilia.

Lalisha bomba juu ya vipande viwili vya mbao chini ya mtaro, weka pima maji juu yake, kisha funga uzi juu ya njia kutoka shimo hadi shimo ili uone kama linaelekea kulia au kushoto. Piga mapigo kumi, pima. Kumi tena, pima. Sentimita 40 za mwanzo ndizo zinazoamua. Likishazidi hapo udongo wenyewe unalishika na huwezi tena kulirekebisha kwa kulisukuma pembeni. Ukiona limeshapinda, litoe. Usijaribu kulinyoosha likiwa ndani.

Sasa, kama tayari limepotea, usichimbe hovyo. Mtu mmoja agonge polepole nyuma ya bomba, mwingine akae kwenye shimo la kupokelea na nondo sikioni, ncha imegusa udongo. Sogeza nondo huku na huku. Mahali sauti inapokuwa kali, chimba hapo. Ikiwa sauti kali iko juu, karibu na zege, bomba limepanda na pengine limegusa tumbo la njia. Ukiendelea utalipasua zege kutoka chini. Na hata lisipoligusa: bomba nene lenye kofia mbele halitoi udongo, linausukuma pembeni. Likipita karibu mno na juu, udongo hauna pa kwenda ila kuinua njia.

Nimetumia maji, sasa njia inazama

Kosa hili nililifanya mwenyewe, Kigamboni, kwenye mchanga mtupu. Mpira wa maji, bomba la nusu inchi, mbele limebanwa kidogo ili maji yatoke kwa kasi. Lilipita mita mbili kwa dakika kama kumi, likitoa uji wa mchanga mweupe kwenye shimo, na mimi najiona fundi mkuu. Mvua za masika zilipokuja, kipande cha njia kilishuka vidole viwili. Mama mwenye nyumba alinipigia. Hakufoka. Alisema tu, "Fundi, njoo uone njia yako." Neno "yako" lilinitosha.

Kilichotokea ni kwamba niliacha maji yakitiririka bomba likiwa limesimama, wakati nikihangaika na shimo la pili. Katika mchanga, maji yanayotoka mahali pamoja hayachimbi tundu, yanachimba pango. Kila ndoo ya mchanga iliyotoka shimoni ni nafasi tupu iliyobaki chini ya zege.

Dalili za mapema zipo. Ukigonga zege kwa nyuma ya nyundo, mahali penye pango panalia tupu kama mtungi. Uji unaotoka ukiwa mwingi kuliko ukubwa wa bomba, simama. Maji yakitokea kwenye ufa wa juu ya njia, zima kabisa; yameshapata njia nyingine.

Marekebisho: changanya mchanga na saruji kidogo, ndoo moja ya saruji kwa ndoo 12 hadi 15 za mchanga, maji ya kutosha hadi uwe kama uji wa lishe. Mimina kutoka mashimo yote mawili, sukuma kwa mti mrefu, subiri utulie, ongeza. Kama pango liko katikati, toboa tundu dogo juu ya zege kwa drili, mimina hapo, kisha ziba. Usitumie zege kali. Siku moja mtu atataka kulitoa bomba lile, naye atakulaani.

Ukilazimika kutumia maji, fungua pale tu bomba linaposogea, funga linaposimama. Na katika mchanga usilitoe bomba la kutobolea kabla ya kufunga lile la kudumu nyuma yake. Ukilitoa tupu, tundu linajifunga hapo hapo.

Maji yanafika, lakini hayana nguvu

Mteja atasema bomba la chini ya njia limeziba. Huenda. Lakini chukua ndoo ya lita 20 na simu yenye saa. Jaza ndoo kabla ya njia, pima sekunde. Jaza baada ya njia, pima. Kabla ikiwa sekunde 60 na baada ikiwa 65, bomba lako ni zima na shida iko kwingine. Baada ikiwa dakika mbili na nusu, sawa, kuna kitu chini.

Pale ndoo zinapolingana, tazama tenki. Kila mita 10 za urefu wa maji ni baa 1 ya presha. Simtanki iliyo juu ya mnara wa mita 3, ikiwa imejaa, inakupa kama baa 0.4 na ushee. Dripu za presha ndogo zitafanya kazi. Sprinkla za kawaida, zinazotaka baa 2 au zaidi, zitatema mate tu, hata ungepitisha bomba la dhahabu chini ya njia. Hapo unauza pampu, huuzi kuchimba.

Pale ndoo zinapotofautiana sana, kuna sababu nne, nami huzitazama kwa mpangilio huu. Kwanza, udongo ndani ya bomba: uliingia siku ya kupitisha kwa sababu hakuna aliyeziba mdomo. Fungua mwisho, acha maji yote yapite kwa kasi hadi yatoke meupe, na kuanzia leo funga nailoni na tepu kwenye mdomo kabla ya kusukuma bomba lolote ardhini. Pili, bomba jeusi la poli limejikunja pale linapopinda kutoka mtaroni kuingia chini ya zege. Linajikunja kama mpira wa maji uliokanyagwa. Chimba pembeni tu, utaliona. Kata, weka elbo. Tatu, mtu alibana ukubwa ili lipite kirahisi, inchi moja ikawa nusu inchi kwa mita mbili zile. Kwa maji yale yale, kupunguza kipenyo kwa nusu kunaongeza upotevu wa presha kama mara 30. Kwenye presha ya tenki huwezi kumudu hilo. Nne, hewa. Bomba lililopinda kuelekea juu katikati linabeba kiputo cha hewa kila tenki linapokauka, na presha ndogo haiwezi kukisukuma. Dalili yake ni maji kukoroma na kutoka kwa vipindi asubuhi, kisha kutulia. Tundu la kutolea hewa, yaani koki ndogo sehemu ya juu zaidi, linamaliza.

Kando ya njia pana unyevu

Nyasi zimestawi mstari mmoja tu, sisimizi wamehamia, zege lina doa jeusi lisilokauka. Funga koki zote za mwisho, acha ile ya mwanzo wazi, soma mita ya maji, kanywe chai nusu saa, soma tena. Namba ikiwa imesogea, kunavuja. Kama maji yanatoka tenki, weka alama ya kalamu kwenye kiwango cha maji.

Sasa usikimbilie katikati. Chimbua mashimo mawili. Kwenye kazi nyingi nilizofungua, maji yalikuwa yanatoka kwenye kiungo kilicho ndani ya sentimita 50 za ukingo, kisha yanafuata bomba hadi chini ya njia na kuonekana upande usiohusika. Maji hupenda kutembea kando ya bomba; udongo ulioshindiliwa vibaya ni barabara ya lami kwao.

Kiungo cha PVC kinachovuja mara nyingi kiligundishwa kikiwa na matope, au maji yalifunguliwa gundi ikiwa bado mbichi. Kausha, safisha, gundisha, uache hadi kesho yake. Bomba la poli halishiki gundi, na bado nakuta watu wamejaribu. Linataka viungo vya kubana. Na ukikuta kiungo cha poli kimechomoka chenyewe, uliza lilifungwa saa ngapi. Bomba jeusi lililolala juani saa saba mchana limetanuka. Mita 20 zikipoa usiku ardhini hujivuta sentimita kadhaa, na zikiwa zimefungwa kwa kukazwa zitatafuta mahali pa kuachia. Laza kwa kulegeza, kama nyoka, funga jioni.

Ikiwa kweli kuna kiungo chini ya zege, aliyekiweka alikosea. Chini ya njia linapita bomba moja lisilo na kiungo, na linapita ndani ya ala: bomba jingine pana zaidi, la kipenyo kama mara mbili, linalobaki pale daima. Bomba la inchi moja ndani ya ala ya inchi mbili. Ala ikiwepo, kazi yote ni dakika chache: unakata bomba bovu pande zote mbili, unafunga jipya nyuma yake kwa waya na tepu, kijana anavuta huku, wewe unasukuma kule. Bila ala unarudi kwenye nyundo. Ziba midomo ya ala kwa tambara au sponji, vinginevyo panya watalala humo.

Njia imepasuka juu ya bomba

Kama uko kwenye udongo wa mbuga, ule mweusi unaopasuka kiangazi hadi mkono unaingia, huenda bomba halina kosa. Udongo huo huvimba ukilowa na kusinyaa ukikauka, na zege juu yake hupanda na kushuka kila mwaka. Ila uvujaji mdogo unaufanya uvimbe mahali pamoja, na ufa unafuata mstari wa bomba. Fanya jaribio la mita kabla ya kubishana na mtu. Ufa ukiwa umekatiza njia mahali pasipo na bomba pia, basi bomba halihusiki.

Lini nakubali kukata

Mwamba, au upana unaozidi mita 3, au waya wa umeme ambao hakuna anayejua ulipo. Hapo naweka nyundo chini. Kata mistari miwili iliyonyooka kwa grinda na diski ya zege, upana wa sentimita 30, ukimwagia maji kupunguza vumbi, na usipite nyufa zilizopo. Toa kipande, chimba kwa mkono, laza ala, fukia kwa tabaka ukishindilia kila sentimita 15, mwaga zege jipya. Lifunike kwa gunia na ulimwagie maji kwa siku 7. Mkanda huo utaonekana mweupe kuliko njia nyingine kwa muda mrefu, kwa hiyo mwambie mwenye nyumba kabla hujawasha grinda, siyo baada.